Kiyoyozi cha Chumba cha Danford

Galula, 18 Agosti 2024

Shemeji Ferdinand,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itawakuta salama huko Kitwe, wewe na Fausta na mtoto, ambaye nasikia ameanza kusimama kwa kushika viti. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mpunga wetu wa bondeni haukuwa mbaya mwaka huu. Mtoto wetu Witness amefanya mtihani wa nusu mwaka akashika nafasi ya nne, na anadai angekuwa wa pili kama asingeugua tumbo siku ya hesabu. Mama yenu wa Nanyala alituletea maharage na kahawa kwa gari la Mbalizi, akaniagiza nikusalimie na nikuulize kama hapo mnapokaa kuna kanisa la karibu.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Nyumba yetu unaijua, neno likisemwa jikoni linasikika chumbani, na kaka yako siku hizi anasikia kila kitu kwa kuwa hana kingine cha kufanya. Nikitoka nje kupiga simu ataniuliza nimeongea na nani. Basi naandikia hapa shuleni, leo Jumapili hakuna watoto. Frida, binamu yenu, amenihakikishia kwamba dukani kwake Tunduma madereva wa kwenda Kitwe hawakosi, na bahasha itakufikia.

Kaka yako Danford tulirudi naye kutoka hospitali ya Mbeya mwezi uliopita. Vidonda vimefunga. Vidole vya mkono wa kulia havikunjuki, ila kijiko anakishika kwa kushoto. Hayo mengine uliyaona mwenyewe ulipokuja Januari, baada ya lori lake kuungua pale mpakani, sina haja ya kuyarudia. Ninachokuandikia ni joto. Siku ya kuondoka daktari alituketisha akatueleza kwamba ngozi iliyoungua, pamoja na ile waliyompandikiza, haitoi jasho. Na jasho ndilo linalopoza mwili. Kaka yako amebakiwa na jasho usoni upande mmoja, kwapani, na miguuni kuanzia magotini. Kwingine kote joto likiingia halina pa kutokea.

Sasa ni Agosti na asubuhi bado kuna ubaridi, lakini Galula ya Oktoba unaijua. Wiki iliyopita jua lilizidi kidogo tu, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akawa ananiita kwa jina la mama yenu. Nikammwagia ndoo nzima ya maji palepale kitandani.

Wewe ni fundi wa viyoyozi. Naomba unichagulie cha kutufaa chumbani. Mwenye duka mmoja Mkwajuni ananishauri nichukue kikubwa kuliko vyote, eti kikubwa hakikosei.

Ni mimi shemeji yako,
Ruti


Kitwe, 8 Septemba 2024

Shemeji Ruti,

Milele na milele, amina. Na mulishani, kama kaka anavyopenda kusalimia akitaka tuamini kwamba Kibemba amekimaliza. Barua yako niliipokea kwa dereva mmoja wa Vwawa, imekunjika lakini inasomeka. Mtoto amesimama, ameanguka, na amevunja kikombe cha Fausta alichopewa kwenye harusi. Fausta anakohoa kwa vumbi la machimbo lakini anaendelea. Mwambie mama kanisa lipo, na tunakwenda, isipokuwa Jumapili nikiwa na zamu. Nimeajiriwa kufunga mitambo ya baridi katika jengo la ofisi, na mkataba wangu hauniruhusu kuondoka hadi mwaka ujao katikati. Ndiyo maana sitaweza kuja kufunga kwa mkono wangu, na linaniuma.

Huyo mwenye duka usimsikilize. Kiyoyozi si sufuria, kwamba ukinunua kubwa utapika hata kidogo. Kikizidi chumba, kinapuliza baridi kwa kasi, kinafikia kiwango ulichokiwekea kabla hakijavuta unyevu, halafu kinazima. Baada ya muda mfupi kinawaka tena. Mtu analala ndani ya baridi ya majimaji, na mashine inachakaa upesi. Kikipungua nacho kinahangaika kutwa nzima na chumba hakipoi. Nguvu yake ya kuondoa joto tunaipima kwa namba za BTU. Kwenye maboksi utaona elfu tisa, elfu kumi na mbili, elfu kumi na nane na kuendelea. Namba inachaguliwa na chumba, wala si na duka.

Kwa hiyo nipimie. Urefu, upana, na kutoka sakafuni hadi juu. Je, kuna siling bodi au ukiinua macho unaona bati? Dirisha linatazama wapi, na ukuta upi unapigwa na jua la alasiri? Kati ya ukuta na paa kuna uwazi? Wanalala wangapi? Na umeme wa jioni, taa zinafifia?

Halafu nieleze kaka anaendeleaje. Vidonda umeshanieleza. Nauliza yeye.

Wako,
Ferdinand


Galula, 29 Septemba 2024

Shemeji Ferdinand,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Fausta achemshe majani ya mpera na asali, kile kikohozi kitapungua. Huku joto limeanza. Mwalimu mwenzangu Marita amejifungua pacha, kwa hiyo nafundisha madarasa yake pamoja na yangu, sauti imekauka. Witness anakusalimu.

Nimeazima futi kamba kwa seremala. Chumba chetu ni mita tatu na nusu kwa tatu, na kwenda juu hakuna siling bodi, ni bati tupu. Uwazi upo, popo wanapita. Dirisha ni moja, linatazama machweo, na ukuta huohuo alasiri ukiuwekea kiganja unakitoa. Tunalala wawili. Umeme wa jioni unafifia kila mtu akianza kupika na kuwasha televisheni.

Nilidhani nitapima akiwa amelala. Nilipofika kwenye kona ya kitanda aliniuliza, macho ameyafumba, "Unapimia nini, Ruti, chumba au jeneza?" Ikabidi nimweleze kwamba nimekuandikia. Hakukasirika. Aliningoja nimalize kuandika namba zangu, kisha akasema kwamba kama ni kuchagua, anataka baridi ya sebuleni. Akasema hivi: "Chumbani analala mgonjwa. Mimi hospitali nimeshatoka."

Shemeji, umeniuliza yeye anaendeleaje. Hilo ndilo jibu lake, na mimi naongeza moja. Witness tangu baba yake arudi hajaingia chumbani kwetu. Anasimama mlangoni, anamwamkia, anaangalia kitasa cha mlango, anaondoka. Danford hamlaumu. Ila jioni mtoto akiwa sebuleni na madaftari yake, huwa anageuza kichwa kusikiliza akisoma kwa sauti. Kama angekuwa amekaa naye palepale, pengine mtoto angemzoea polepole.

Kwa hiyo nimepima na sebule, mita tano kwa nne. Upande wa korido hakuna mlango. Jumapili tukipokea jumuiya tunakuwa watu kumi na tano au zaidi. Kama haiwezekani vyumba viwili, chagua wewe. Mimi nimeshindwa.

Ruti


Kitwe, 20 Oktoba 2024

Shemeji Ruti,

Salamu nyingi, na hongera nyingi kwa Mwalimu Marita kwa pacha wake. Majani ya mpera yamesaidia. Fausta anasema umemzidi daktari wa hapa.

Nimekaa na namba zako jioni tatu, na yote mawili yatawezekana. Nakueleza nilivyofikiria ili fundi asije akakubadilishia.

Chumba chenu kwa ukubwa wake ni cha elfu tisa. Lakini bati tupu na ule ukuta wa machweo vinakipandisha hadi elfu kumi na mbili. Sasa, badala ya kupandisha mashine, tushushe joto. Pigeni siling bodi, zibeni ule uwazi wa popo, na nje ya dirisha wekeni kivuli hata cha turubai. Mkifanya hivyo elfu tisa itatosha kabisa, na itawaka kwa utulivu bila kuzimazima.

Sebule ni elfu kumi na nane. Kwa ukubwa ingekuwa chini ya hapo, lakini umeniambia watu kumi na tano, na binadamu akikaa tu bila kufanya lolote anatoa joto kama balbu ya zamani ya wati mia. Korido itiwe mlango. Pazia halitoshi. Chumba cha Witness kiacheni, laini yenu ya umeme haitabeba mashine ya tatu, na yeye mwenyewe jasho analo.

Zote mbili Frida ameshazitafuta Tunduma na atazipandisha kwenye gari pamoja na stebilaiza, ya kuzilinda umeme ukififia. Atakayefunga ni Anyosisye wa Mkwajuni, tulijifunza kazi pamoja. Ametulia, hana maneno mengi.

Mkishawasha, milango na madirisha yafungwe. Mashine hizi zinapoza hewa iliyofungiwa tu. Wekeni nyuzi ishirini na nne au tano, msishuke zaidi. Upepo usimpige moja kwa moja, utamkausha ngozi, na mafuta yake apakwe mara nyingi kuliko kawaida. Niandikie: chumba kinachukua muda gani kupoa, mashine inazima mara ngapi, umeme wa jioni unaibeba, na kaka analalaje.

Anaposema sebuleni, mpeni sebuleni.

Ferdinand


Galula, 24 Novemba 2024

Shemeji Ferdinand,

Tunawasalimu wote. Mashine zilifika salama, Mungu ambariki Frida. Anyosisye alizifunga vizuri, na siling bodi imependeza hata majirani wanakuja kuiangalia. Danford anasema asante sana. Witness amemaliza mitihani ya darasa la nne. Mvua bado, mawingu yanakusanyika kule milimani Mbozi yanarudi.

Hatuna la kulalamika. Samahani kwa ufupi, nasahihisha mitihani.

Ruti


Kitwe, 15 Desemba 2024

Shemeji Ruti,

Nawatakia maandalizi mema ya Noeli. Mtoto sasa anatembea, na kila kitu chetu tumekihamishia juu ya kabati. Mama nilimpigia wiki iliyopita, magoti yanamsumbua kwa baridi lakini mibuni ameipalilia mwenyewe, hataki kibarua.

Nilikuuliza mambo manne, hukunijibu hata moja. Sikuudhika, nilijua una kazi. Lakini juzi nimezungumza na Anyosisye. Alipita kwenu kusafisha mashine kama nilivyomwomba, akaondoa chujio la ile ya chumbani, akalikuta jeupe. Shemeji, chujio jeupe katika vumbi la Galula mwezi Novemba maana yake mashine haiwashwi. Akaniambia pia kwamba wewe ulimpa chai, ukaongea naye habari za mvua, na hukumruhusu kupita uani, alikokuwa kaka.

Kama nimekosea ukubwa, niambie. Ile ya elfu tisa inaweza kubadilishwa kwa ya elfu kumi na mbili, na Frida ameshaniambia muuzaji hana neno. Kama ni sauti yake inamkera, kuna zisizo na kelele. Kama ni umeme, tutatafuta njia. Nimefunga mamia ya hizi mashine kwa watu nisiowajua na zinafanya kazi. Siwezi kukubali kwamba ya kaka yangu ndiyo imenishinda.

Nakuomba, safari hii nijibu.

Ferdinand


Galula, 19 Januari 2025

Shemeji Ferdinand,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa nyumba yako. Mvua imekuja, mto umejaa, na pikipiki za Mkwajuni zinavushwa kwa kubebwa mabegani. Barua yako niliipata kabla ya Noeli. Nimekaa nayo mpaka leo kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Hukukosea ukubwa. Siku Anyosisye alipomaliza kufunga ilikuwa saa nane, saa ambayo mbwa wenyewe hawatoki. Tulimlaza Danford, tukafunga dirisha, tukafunga mlango, nikawasha. Ule ubaridi ulishuka taratibu kama ulivyosema. Nilimwona uso ukilegea. Alisema, "Ruti, huyu mdogo wangu ni fundi." Nikatoka nikavuta mlango nyuma yangu ili baridi isipotee, nikaenda kumshukuru Anyosisye.

Sikumaliza kushukuru. Tulisikia kishindo, kisha kioo kinavunjika. Nilipofungua mlango alikuwa chini ya dirisha, mkono umechanika, anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Alikuwa ameshika kitasa kwa ule mkono usiokunjua vidole, kikateleza, akadhani mlango umegoma. Anyosisye nilimsihi asikuambie aliyoyaona.

Nyinyi mnajua lori liliwaka. Hata mimi nilijua hivyo. Hakuwahi kutuambia kwamba hakuchelewa kutoka kwa kupoteza fahamu. Mlango wa kebini ulimgomea. Alikuwa macho muda wote, anasukuma, na watu wa nje anawaona kupitia kioo. Alinieleza jioni ile tukiwa tumekaa uani, kwa sauti ya kawaida kabisa, akanikataza nisimwambie mtu, hasa wewe na mama. Leo nimevunja neno lake.

Tangu siku hiyo hajakaa mahali palipofungwa. Tulijaribu chumbani mlango ukiwa wazi, baridi yote ikaenda koridoni, mashine ikanguruma mchana kutwa na bado alikuwa anachemka. Tulijaribu sebuleni. Niliondoa funguo zote, nikamwonyesha kwamba hakuna komeo, nikakaa mimi mwenyewe mlangoni. Alinitii, akaingia, akakaa kwenye kochi, na nikafunga. Alihesabu kwa sauti ya chini akitazama kitasa. Nilimwacha mpaka nikaona machozi yanashuka upande ule wa uso usiokuwa na hisia, yeye hajui kama analia. Nikafungua. Sitamfanyia tena.

Basi anakaa sakafuni kwenye bafu la uani, mlango wazi, amejifunika kitenge kilicholowa. Jumuiya wakija nawaambia amepumzika. Desemba alizimia, tukampeleka kituo cha afya kwa bajaji huku Witness amemshikia chupa ya maji kichwani. Ndiyo mara ya kwanza mtoto amemgusa baba yake tangu aungue. Huyo anayeogopa kumwangalia alimwita "baba, baba" njia nzima.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoisoma barua yako ya Oktoba niliona ulivyokaa na zile namba. Kukwambia kwamba hazitumiki nilishindwa.

Sasa nakuuliza kama fundi. Upo ukubwa wa mashine kwa chumba kisichofungwa mlango?

Ruti


Kitwe, 9 Februari 2025

Shemeji Ruti,

Poleni. Sina salamu ndefu leo. Barua yako niliisomea kazini, nikamwambia msimamizi naumwa, nikarudi nyumbani. Fausta ameisoma pia. Nilidhani nitamficha, nikashindwa.

Jibu la fundi ni kwamba haupo. Ipo mitambo ya kumbi na mahoteli inayoweza kupuliza hata milango ikiwa wazi, lakini nyumba yenu haitaibeba, na umeme wa Galula masika unakatika siku nzima. Chumba kisichofungwa hakina mwisho. Ukikipoza unapoza bonde zima hadi Ziwa Rukwa.

Jibu la mdogo wake Danford ni lingine, na nimelijua tangu barua yako ya kwanza. Mahali penye baridi isiyohitaji mlango papo, ndipo tulipozaliwa. Nanyala mwezi Oktoba mama anavaa sweta asubuhi. Danford angekaa kwenye ubao wa barazani mchana kutwa na asingechemka.

Nilijua na nikanyamaza. Wewe kazi yako iko Galula, wazazi wako wamezikwa Galula, na uhamisho wa mwalimu kila mtu anajua unavyokwenda. Nikisema Nanyala, nasema kaka yangu aondoke kwako. Shemeji anayemtoa mume ndani ya nyumba ya mke wake ni shemeji gani? Nikaona bora mashine. Nilizichagua kwa moyo wote, usinielewe vibaya, lakini zilikuwa pia njia yangu ya kutoitaja Nanyala.

Nimezungumza na mama. Sikumweleza habari ya mlango, nimemwambia joto tu. Kumbe chumba cha Danford amekitandika tangu siku alipotoka hospitali, na kila Jumamosi anabadilisha shuka. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu, "Siwezi kumwita mwanangu nikamwacha mke wake anatazama barabara." Kwa hiyo mimi, mama, na pengine wewe pia, sote tulikuwa tunajua, na kila mmoja anamwogopea mwenzake.

Sikushauri lolote. Mkiamua kubaki, nitatafuta namna nyingine, mapazia ya maji, feni, chochote. Mkiamua kupanda, mwambie Frida, atatafuta gari lenye madirisha yanayoshuka yote.

Ferdinand


Galula, 27 Aprili 2025

Shemeji Ferdinand,

Kristo amefufuka. Natumaini Pasaka mliisherehekea kwa amani, na huyo mtembezi wenu bado hajafika juu ya kabati. Marita amerudi kazini, pacha wanakua. Mashine ya sebuleni Anyosisye ameifungua, tumeipeleka zahanati, kwenye chumba cha kujifungulia. Anyosisye ndiye aliyekipima chumba hicho. Ya chumbani ipo, sijaamua.

Barua yako sikukusudia kumsomea kaka yako. Alinikuta nayo mkononi uani, akasema nimsomee yote, bila kuruka. Nilimsomea. Nilipofika kwenye shuka za Jumamosi aliinamisha kichwa. Kisha akaniuliza mimi nasemaje. Nilimwambia tunapanda. Aliniuliza mara ya pili, kana kwamba hakusikia, nikamjibu vilevile, nikaingia ndani nikaanza kukunja nguo zake ili asinione.

Tulisafiri alfajiri, madirisha yote yameshushwa. Kabla ya Mbalizi hewa ilibadilika, akatoa uso nje kama mtoto, na Witness akamshika shati asije akaanguka. Nanyala tulikuta ukungu. Mama alitoka na kilemba chake na sweta mbili, akamshika Danford uso kwa mikono yote miwili, upande ulioungua na ule mzima, akautazama kwa muda mrefu. Alisema neno moja la Kinyiha ambalo sikulijua, na kaka yako akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Analala mlango wazi, blanketi kiunoni, wakati mimi na mtoto tumejikunyata kwenye chumba cha pili. Baada ya siku chache alianza kutembea hadi mibuni, halafu hadi barabara kuu. Madereva waliomfahamu wanapunguza mwendo, wanampigia honi. Mmoja alisimamisha lori kabisa akashuka kumkumbatia, na Danford akakaa kwenye ngazi ya kebini, nje, wakaongea habari za foleni ya Tunduma. Ndani hakuingia. Lakini alikaa pale.

Nilikwenda kuomba uhamisho. Niliambiwa kwa upole kwamba hesabu za darasa la saba hazina mtu mwingine, niandike tena mwakani. Likizo ya Pasaka ikaisha.

Siku ya mwisho nilimkuta Witness barazani na baba yake. Anamsomea kitabu chake cha hadithi, na yeye ndiye anayefungua kurasa kwa sababu baba vidole havimsaidii. Nilimwambia aende akapange begi. Hakuinuka. Alisema, "Mama, mimi nabaki na baba. Nani atamfungulia kurasa?" Nilimtazama Danford ili anisaidie, na yeye akanitazama hivyohivyo, na hakuna aliyemsaidia mwenzake. Mtoto aliyekuwa anaogopa kumwangalia. Nilikuwa nimeomba kwa Mungu ampende tena baba yake, sikufikiria kwamba nikijibiwa nitarudi peke yangu.

Begi lake nimeliacha. Shule ya pale itampokea.

Kaka yako alinisindikiza hadi barabarani. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, mimi natetemeka na yeye yuko na shati jepesi, vifungo vya juu viko wazi. Mwishowe alisema, "Sina la kukuomba, Ruti. Kila ninalolifikiria linakuumiza wewe au linaniua mimi." Nikamjibu kwamba sijaombwa chochote, na likizo ya Juni si mbali. Alishusha begani sweta lake, lile la kijani alilokuwa akivaa safari za usiku za Ndola, akanivalisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Vifungo vilimshinda. Nilivifunga mimi.

Gari lilipoanza kushuka kuelekea bondeni abiria walifungua madirisha, wakavua makoti, mama mmoja akanipepea kwa gazeti akidhani naumwa. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na usoni, linaingia machoni. Sweta sikulivua. Nilifika Galula saa tisa, nikatembea kutoka stendi hadi nyumbani, watu wananishangaa, na vifungo vyote vimefungwa.

Wasalimie wote.

Ruti